Nilimwapia Wifi Yangu Kwamba Mtoto wa Kwenye Katuni Hafi

Nikianza kuzunguka nitajipamba, kwa hiyo naitoa kama ilivyo: mimi ni muongo, na uongo wangu niliutumia kutafuta sifa. Nilikaa na mtu akiumia kwa sababu yangu, na nilichokuwa nawaza ni kama mwanga unatosha kwenye kamera.

Hapo mmeshanijua. Majina nayaficha, si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya wengine waliomo humu ambao hawana kosa lolote.

Mimi ni dada wa mapokezi kwenye ofisi moja ya upimaji viwanja hapa Dodoma. Naishi na mama yangu, mtaa wa Kikuyu. Tangu shule napenda vitabu vya katuni. Sisemi vile vikatuni vya kuchekesha vya magazetini, nasema hadithi ndefu za picha, juzuu baada ya juzuu, ambazo ukianza huwezi kuweka chini. Nyumbani wananicheka. Mama anasema, "Mtu mzima na matiti yako unatazama picha!" Ofisini nao hivyo hivyo.

Kuna mfululizo mmoja ambao kila mpenzi wa katuni anaujua. Umesifiwa kila kona, umepewa tuzo, watu wanabishana juu yake mpaka wanatukanana. Jina silitaji, maana sitaki mtu aukimbie au aukimbilie kwa sababu yangu.

Hadithi yenyewe iko kwenye dunia ambayo mvua imefungiwa ndani ya mitungi ya vioo, na mitungi inalindwa na mashine zinazosali. Kuna mwanamke fundi anayetengeneza vyombo vya kuruka angani, spana mkono huu, uganga mkono ule. Siku moja anaokota mtoto mchanga ndani ya chombo kilichoanguka. Mtoto wa kike, akicheka mbavu zake zinawaka taa kwa ndani. Fundi anamfunga mgongoni kwa kitambaa, wanaanza safari ya kuutafuta mji ambao mvua bado inanyesha bure.

Karibu na mwisho, yule mtoto anakufa. Anafia mgongoni. Mama yake hajui. Anatembea naye, anamwimbia, anafika langoni mwa mji, anafungua kitambaa.

Mimi nilikuwa nimeshausoma wote. Nilijua. Shikeni hilo.

Nilikuwa na ukurasa mtandaoni ambako nilikuwa nazungumzia vitabu vya katuni. Nilikuwa na kipindi changu nakiita "Isomwe, isisomwe?" Nakaa mbele ya simu, nasema kitabu hiki kinafaa, kile achana nacho. Waliokuwa wakitazama ni wachache mno, tena nusu yao ni watu wa ofisini waliokuwa wanataka kunicheka siku ya pili yake. Iliniuma. Niliona wengine, hasa wale wanaorekodi sura za watu wakisoma, wakilia, wakishtuka, wanatazamwa na dunia nzima, na mimi nabaki naongea na ukuta.

Sasa nije kwa wifi.

Kaka yangu ni fundi magari, ameoa Mrangi wa Kondoa, wanaishi Mkonze. Wifi ni mwanamke mpole, mikono yake ni dhahabu kwenye kusuka. Walikuwa na mtoto mmoja wa kike, alikuwa ndiyo kwanza anaanza kukimbia. Mwaka ule mama yake wifi aliugua huko Kondoa, wifi akaenda kumuuguza, mtoto akabaki na sisi Kikuyu.

Homa ilimshika jioni. Tulimkimbiza hospitali. Asubuhi hakuwepo tena.

Mama alikuwa hawezi kuongea, akanipa simu. "Mpigie mama yake. Usimwambie. Mwambie anaumwa kidogo, aje." Ndivyo wengi wetu tunavyofanya, mnajua wenyewe. Hatutaki mtu apate habari akiwa peke yake njiani. Nikapiga. Wifi akauliza, "Anaendeleaje?" Nikasema, "Anaendelea vizuri, njoo tu." Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Nilijisifu moyoni kwa ujasiri huo.

Alishuka kwenye basi, akachukua bodaboda mpaka kwetu, akakuta majamvi yametandikwa nje na wanaume wamekaa. Sitasema zaidi ya hapo. Tulikuwa tumemsubiri yeye ndiyo tuzike.

Baada ya ule msiba wifi alinyamaza. Alikuwa anapika, anafua, anasuka wateja wake, lakini maneno hakuna. Kaka akaniomba, "Uwe unakuja kukaa naye, mimi gereji inanimaliza." Basi Jumamosi nikawa naenda Mkonze kusukwa. Hata kama msuko wa juzi bado mzuri, nafumua nakwenda. Nilikuwa nampenda, jamani. Msije mkadhani sikumpenda.

Siku moja nilikwenda na juzuu ya kwanza kwenye begi. Nimekaa kwenye mkeka, yeye kwenye kigoda nyuma yangu, kichwa changu kiko katikati ya magoti yake, nikafungua kitabu nisome kimoyomoyo. Kitabu ni cha Kiingereza, na wifi Kiingereza hajui. Nikasikia mikono imesimama.

"Hiyo nini?"

"Katuni tu, wifi."

"Huyo mwanamke mbona kashika spana?"

Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba aniulize kitu. Nikaanza kumsomea kwa Kiswahili, picha moja moja. Yeye anachungulia juu ya kichwa changu, anasuka, anasikiliza. Tulipofika pale fundi anafungua mlango wa kile chombo na kumkuta mtoto, mikono ikasimama tena.

"Wifi."

"Abee."

"Mimi hadithi za watoto kufa siziwezi. Kama huyu anakufa niambie sasa hivi, tufunge kitabu, tuongee mengine."

Nikasema, "Hafi."

"Wallahi?"

"Wallahi hafi. Anafika mpaka mwisho."

Loh! Niliapa kwa jina la Mungu juu ya kitu ninachokijua, mchana kweupe, kichwa changu kikiwa mapajani mwake!

Mniulize kwa nini. Nimejiuliza sana. Siku ile sikuwa na mawazo ya video. Siku ile nilikuwa na furaha tu kwamba hatimaye kuna binadamu anataka kusikia kitu ninachokipenda. Nikajua nikimwambia ukweli atafunga kitabu, na mimi nitabaki tena peke yangu na picha zangu. Nikajiambia kule mbele ni mbali, nitabuni kitu, nitaruka kurasa, Kiingereza chenyewe hakijui. Ningeweza kabisa. Mdomo ulikuwa wangu.

Tukaendelea hivyo Jumamosi nyingi. Wifi akabadilika! Alianza kucheka. Yule mtoto akambatiza jina, akamwita Kabibi. Nikiingia tu mlangoni, hata sijavua viatu: "Leo Kabibi tumfikishe wapi?" Zile mashine zinazosali alizichukia, alikuwa anazisonya. Fundi naye alimgombeza kama jirani yake: "Huyo anamfunga mtoto legelege, hebu mwangalie, shingo inaning'inia." Kaka akaniambia kwa simu, "Dada, Mungu akubariki. Jana mke wangu kanihadithia habari za mtoto mwenye taa mbavuni mpaka nikasinzia."

Nilibarikiwa mimi. Yarabi!

Tulipokaribia ile juzuu anayofia Kabibi, nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa na Jumamosi tele za kusema. Badala yake wazo lingine liliingia, na hapa ndipo ninapojitapika. Niliwaza: huyu hajui kinachokuja. Anampenda Kabibi kuliko msomaji yeyote niliyewahi kumwona. Uso wake ukirekodiwa pale kitambaa kinapofunguliwa, hakuna video itakayoishinda.

Nilijua alifiwa. Nililiwaza na hilo pia. Niliwaza kwamba ndiyo maana itakuwa kali.

Siku hiyo nilifika Mkonze, nikaegemeza simu kwenye chupa ya mafuta ya nywele, kioo kikitutazama. Wifi akauliza, "Hiyo ya nini?" Nikasema, "Nataka niangalie msuko unavyokwenda." Akasogeza hata chupa ikae vizuri, maskini ya Mungu. Alinisaidia!

Nikasoma. Fundi anatembea jangwani, upepo, mchanga, anaimba. Wifi naye akaimba kidogo, wimbo wa kwao wa Kirangi wa kubembelezea mtoto. Akaona kwenye picha taa ya mbavuni haionekani tena kwenye kitambaa. Akasema, "Kabibi kalala." Nikasema, "Eeh, kalala."

Wakafika langoni. Mvua inanyesha. Fundi anacheka, anafungua fundo la kitambaa.

Ukurasa unaofuata hauna neno hata moja. Waandishi wa kile kitabu, pamoja na ufundi wao wote, pale walinyamaza. Ni mikono ya mama, kitambaa na mvua tu. Mtu anayesoma peke yake anaelewa taratibu, kwa kasi yake mwenyewe.

Mimi sikumwachia huo utaratibu. Niliona video itakuwa ndefu. Nikasema kwa sauti, nikiitengeneza sauti yangu iwe nzito, "Wifi, Kabibi amekufa. Amekufa zamani. Alikuwa anambeba maiti."

Hayo maneno hayamo kwenye kitabu. Ni yangu.

Mikono ilikaza nywele zangu mpaka nikahisi ngozi ya kichwa inavutika. Kisha ikaachia. Akaninyang'anya kitabu, akakigeuza, akarudi ukurasa wa nyuma, akaenda wa mbele, akaanza kupiga kelele: "Mfunge! Mfunge tena! Mfunge tena mgongoni, jamani, mfunge!" Anampigia kelele yule mama wa kwenye picha, anapiga karatasi kwa kiganja. Sauti haikuwa ya mtu mzima.

Na mimi? Nilimkumbatia, ndiyo. Lakini kabla sijamkumbatia niliangalia simu kama bado inarekodi.

Nilipokuja kuitazama hiyo video nyumbani, niliona macho yangu. Yeye analia, macho yangu yako kwenye kamera. Hata mimi iliniogopesha. Mnadhani niliifuta? Nilijikata nisionekane. Nilikata kipande cha chini chote, nikabakisha uso wa wifi peke yake. Nikaweka muziki wa kinanda wa huzuni. Nikaandika: "Isomwe, isisomwe? Jibu mtaliona kwenye uso huu." Nikairusha.

Ilitazamwa! Yaani simu ilikuwa moto mkononi. Watu wananiandikia, "Dada, hiyo katuni inaitwaje?", "Kama inaliza hivi lazima niisome." Nilipokea sifa ambazo sijawahi kupokea maishani, nikawa nazisoma ofisini huku wateja wa viwanja wamesimama mbele yangu. Wifi nilimtumia ujumbe tu wa kumpa pole. Pole ya katuni!

Halafu watu wakafanya wanachofanya siku zote. Mmoja akachukua ile sauti ya wifi, "Mfunge! Mfunge tena!", akaiweka juu ya mpira. Timu imepata goli, halafu kilio cha wifi kinadai jingine. Mnaelewa? Mfunge! Basi ikawa ndiyo wimbo wa mjini. Kila mechi, kila mzaha, mtu kapigwa bao, mtu kaachwa na mchumba, inawekwa ile sauti. Mwanamke analilia mtoto afungwe tena mgongoni, na watu wanashangilia magoli kwa sauti yake.

Nilipoona ya kwanza nilishtuka. Nilipoona imepita idadi ya watazamaji wa ile yangu, niliona wivu. Sijawahi kumwambia mtu hili. Wivu!

Kaka aliikuta ile video gereji. Vijana walikuwa wamezunguka simu, wanacheka, mmoja akasema, "Fundi, mbona huyu kama shemeji?"

Alikuja Kikuyu na ovaroli lake la mafuta, hakusalimia. Mama alikuwa uani.

"Futa."

"Kaka, nisikilize kwanza..."

"Futa nikiona."

Nikafuta. Akaangalia mpaka mwisho. Kisha akakaa chini kwenye ngazi.

"Unajua anafanya nini nyumbani? Amekaa na simu, anajitazama. Anaweka ile ya mpira, ikiisha anaweka tena. Nimemnyang'anya simu, akaniambia, 'Niache nisikie nilivyolia, siku ile ya msiba sikujisikia.'"

Nikaanza kulia. Kaka akasema, "Wewe usilie hapa. Nenda ukalie huko kwenye kamera."

Mama alikuwa amesikia yote. Alipoondoka kaka, alikuja akasimama mlangoni, mikono imelowa sabuni. Akasema polepole, "Ile simu ya kwanza nilikutuma mimi. Mungu ataniuliza mimi. Hii ya pili nani kakutuma?" Akarudi uani kufua. Tangu hapo akipakua chakula anapakua changu, anakiacha mezani, anaenda kula kwake chumbani.

Wifi alirudi kwao Kondoa. Kaka hakumzuia.

Mngetegemea hapo nimejifunza. Bado! Nilikwenda kusuka saluni moja mjini, maana msusi wangu sina tena. Yule dada wa saluni ananisuka huku anaangalia simu ya mwenzake. Mara nasikia ile sauti. Video ya mtu kaunguza ugali, anaupakua, na wifi yangu anapiga kelele "Mfunge tena!" Saluni nzima ikaangua kicheko. Msusi akanisogezea simu usoni. "Umeiona hii, dada? Huyu mama ana vituko!"

Nikacheka.

Ndiyo. Nilicheka, nikasema, "Ana vituko kweli." Niliogopa nikinyamaza wataniuliza kulikoni. Nikatoka pale msuko umekwisha nusu, nikasingizia nimeitwa ofisini, nikatapika nyuma ya ukuta wa jirani. Nilinuka kwa nafsi yangu mwenyewe.

Nikapanda basi la Kondoa. Vitabu vyote nilivibeba kwenye begi. Nilikuwa nimepanga kila kitu kichwani: nitafika, nitapiga magoti, nitavichoma mbele yake, ataona nimetubu. Hata katika kutubu nilikuwa naandaa onyesho, mnaniona?

Mama yake wifi, aliyekuwa ameshapona, alinipokea. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu." Akamwita binti yake kwa Kirangi, akatuacha. Wifi alikuwa nyuma ya nyumba anapepeta ulezi. Aliniona, hakuacha kupepeta.

"Ulijua?" akauliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla sijakusomea ukurasa wa kwanza."

"Na ukaapa."

"Nikaapa."

Ungo ukapanda, ukashuka. Makapi yakaruka.

"Mimi ungeniambia anakufa, ningesikiliza," akasema. "Nilisema tufunge kitabu, lakini ungeninyamazia siku mbili tatu ningekwambia leta tuendelee. Ningekaa na Kabibi nikijua. Ningemwangalia vizuri kila picha. Wangu sikukaa naye nikijua. Mliniambia anaendelea vizuri, nikapita sokoni kununua viatu. Nilichagua rangi, wewe! Mtoto amefunikwa shuka, mimi nabishana na muuza viatu habari za rangi."

Nikafungua begi.

"Hivyo vya nini?"

"Nimevileta tuvichome."

Akaweka ungo chini. Hapo ndipo alipokasirika hasa. Siyo kwenye uongo, siyo kwenye video. Hapo.

"Uvichome kwa nini? Kitabu kimenikosea nini? Kitabu kiliapa? Kitabu kilinirekodi?"

Nikabaki nimeshika juzuu ya kwanza kama mjinga.

"Yule mama," akasema, "baada ya pale anafanyaje?"

Moyo uliruka kwa furaha. Nikajua mlango umefunguka! Nikavuta pumzi nianze, "Baada ya pale anaingia mjini na..."

Akanikatiza kwa mkono. "Sikukuuliza wewe. Nilikuwa najiuliza. Viache hapo. Mtoto wa dada yangu yuko kidato cha tatu, atanisomea. Sauti yako sitaki kuisikia juu ya hii hadithi tena."

Nikaviacha kwenye mkeka, kando ya ulezi. Nikaaga. Mama yake akaniambia nisubiri chakula, nikasema basi litaniacha.

Wifi alirudi Mkonze baada ya mavuno. Nilimshukuru Mungu, maana niliogopa nimevunja na ndoa ya kaka yangu. Tukikutana kwenye shughuli ananisalimia, "Hujambo," kama unavyomsalimia mtu uliyepanga naye foleni. Neno wifi limekwisha mdomoni mwake. Kaka huja kumwona mama, mimi ananiuliza kazi inaendaje, basi.

Kaka ndiye aliyeniambia kwamba mfululizo wote wameumaliza, mke wake na yule binti wa dada yake. Anasema wanapigiana simu kubishana juu ya mwisho wake, binti anasema fundi alikosea, mke wake anasema hakukosea. Nilitaka kumuuliza alikosea wapi, wao wanaonaje, wifi alisema nini walipofika kwenye ile picha kubwa ya mvua ya ukurasa wa mwisho. Nikaona aibu. Katika maisha yangu nimepata mtu mmoja tu wa kuzungumza naye hadithi ile, na sasa yuko Mkonze anaizungumza na mwingine.

Ukurasa nimeufunga. Watu bado wananitafuta, "Dada, ule mfululizo, isomwe au isisomwe?" Siwajibu. Nikijibu isome, nasikia ile sauti yangu nzito niliyoitengeneza. Nikijibu usisome, naongopa tena, maana kitabu ni kizuri, kilikuwa na adabu kuliko mimi niliyekishika.

Ndugu zangu mnaopenda hadithi, mtu akikuuliza kama mtoto anakufa, mjibu. Usijifanye unamtunzia utamu. Hujui yeye anauliza akiwa amebeba nini. Mwambie ukweli, halafu mwache achague mwenyewe kama ataendelea. Na mkono wako ukitaka kuinua simu wakati mwenzako analia, ukate! Ukate kabisa, kuliko kubaki nao kama mimi nilivyobaki na huu.

Na wewe uliyeihifadhi ile ya "Mfunge tena", uliyoiweka juu ya goli la timu yako. Ifute, nakuomba. Yule mwanamke alikuwa anamwomba mama mwenzake amrudishe mtoto mgongoni.